Tsar: Cheo cha Kaisari Katika Nchi za Waslavi

Tsar ni cheo cha mtawala mkuu kilichotumiwa na Wabulgaria, Waserbia na Warusi. Chimbuko lake ni jina la Julius Caesar wa Roma, aliyeuawa mwaka 44 KK. Augusto na waliomfuata walilirithi jina hilo, likageuka kuwa cheo cha ufalme, ndicho cheo cha Kaisari kinachotajwa katika Agano Jipya. Waslavi wa kale walimwita tsar mtawala wa Bizanti, yaani dola ya Kirumi ya Mashariki, na mji wake wa Konstantinopoli wakauita Tsarigrad, mji wa tsar.

Kwa kuwa cheo hicho kilimaanisha usawa na Kaisari, kujitangaza hakukutosha. Mtawala alihitaji kutawazwa na kanisa na kukubaliwa na wenzake. Simeon I wa Bulgaria alipigana na Bizanti kwa miaka mingi akikidai. Alifariki mwaka 927, na mwaka huohuo mwanawe Peter akafanya amani, akamwoa Maria, mjukuu wa Kaisari Romanos I, nayo Bizanti ikamtambua kuwa tsar. Huko Serbia, mfalme Stefan Dušan alimpandisha kwanza askofu mkuu wa nchi yake kuwa patriarki, ndipo akatawazwa mjini Skopje mwaka 1346. Mwanawe Uroš alifariki mwaka 1371 bila mrithi, na dola ikasambaratika. Waturuki waliimaliza Bulgaria mwaka 1396, kisha wakaiteka Konstantinopoli mwaka 1453.

Baada ya hapo Moscow ilibaki dola kubwa ya Kiorthodoksi iliyo huru. Warusi walikuwa wakiwaita tsar hata makhan wa Watatari waliowatoza kodi, hivyo kwa mtawala wa Moscow kubeba cheo hicho kulimaanisha kwamba hakuwa chini ya mtu. Ivan III alimwoa Sophia, binti wa ukoo wa Kaisari wa mwisho wa Bizanti, mwaka 1472, na alikitumia cheo hicho katika baadhi ya barua zake. Mjukuu wake, Ivan IV, ndiye wa kwanza kutawazwa rasmi kuwa tsar, mwezi Januari 1547, akiwa na umri wa miaka 16. Aliziteka Kazan mwaka 1552 na Astrakhan mwaka 1556, akaongeza majina ya falme hizo za makhan kwenye vyeo vyake.

Mwaka 1721 Peter I wa Urusi alichukua cheo cha Kilatini cha imperator, lakini wananchi waliendelea kusema tsar hadi Nicholas II alipojiuzulu Machi 1917.

Bulgaria ilikifufua cheo hicho mwaka 1908, mtawala wake Ferdinand alipotangaza uhuru kamili kutoka kwa Waturuki. Safari hii mataifa ya Ulaya yalimhesabu kuwa mfalme tu, si kaisari. Ufalme huo ulifutwa kwa kura ya maoni mwaka 1946. Tsar wake wa mwisho, Simeon II, aliondoka nchini akiwa na miaka 9. Miaka mingi baadaye chama chake kilishinda uchaguzi mwaka 2001, akawa waziri mkuu wa Bulgaria hadi mwaka 2005.