Bonde Lililozibwa: Kwa Nini Kibumba Haina Mto



Mtu anayetoka Goma kwa barabara ya Rutshuru hupanda kilomita kama 25 kabla ya kufika Kibumba. Kushoto kwake husimama Nyiragongo, wenye moshi mchana na wekundu usiku. Kuume huuona Mikeno na kilele chake kilichochongoka, na nyuma yake Karisimbi, ulio mrefu kuliko ndugu zake wote. Udongo ni mweusi na wenye rutuba. Huku ndiko zinakolimwa kabichi, viazi, karoti na vitunguu vya masoko ya Goma, na vijana wa rika lenu ndio wanaoviteremsha mjini juu ya chukudu, chombo kile cha mbao ambacho kwenda nacho ni kuteleza na kurudi nacho ni kusukuma. Mvua haiinyimi nchi hii. Hata hivyo, katika safari hiyo yote msafiri hatavuka mto hata mmoja. Maji ya kunywa ni yale yanayokingwa kutoka mabatini, au yanayoletwa katika bidoni kutoka mbali.

Inakuwaje nchi yenye mvua nyingi namna hii isiwe na mto? Tumezoea hali hiyo hata hatuiulizi tena. Jibu lake linaanza zamani sana, na sehemu yake iliyo karibu nasi imegharimu maisha ya watu wengi.

Tunaposikia neno korongo, mawazo yetu huenda kwenye kazi ya maji. Lile korongo kubwa la mto Colorado huko Marekani, ambalo picha zake zimo katika vitabu vya shule, lina urefu wa kilomita 446, na mahali pengine kina chake hupita kilomita moja na nusu. Mto uliikata nchi polepole, kama msumeno ukatavyo mti, kwa muda wa mamilioni ya miaka. Lakini lipo bonde la namna nyingine, ambalo halikukatwa na mto wowote. Nchi yenyewe ilivutwa huku na huku mpaka ikapasuka, na kilichokuwa katikati kikadidimia. Ndilo Bonde la Ufa. Mkono wake wa magharibi unaanzia pande za Ziwa Albert na kushuka kwa Ziwa Edward, Ziwa Kivu na Ziwa Tanganyika. Milima ya Masisi ni ukuta wake wa upande mmoja, na milima ya Rwanda ni ukuta wa upande wa pili. Kwa hiyo anayesimama Kibumba amesimama ndani ya bonde kubwa kuliko yote aliyowahi kusikia habari zake, wala halioni. Halionekani kwa sababu limejazwa.

Wataalamu wa miamba na wa maziwa wanatufundisha kwamba hapo kale maji ya nchi hizi yalikwenda kaskazini. Mahali lilipo Ziwa Kivu leo, maji yalipita kati ya kuta mbili za bonde yakielekea Ziwa Edward, na kutoka huko yakafuata Semliki na Ziwa Albert hadi mto Nile. Kisha moto ukatoka chini. Milima minane ya Virunga ikainuka mmoja baada ya mwingine, kutoka Nyamulagira upande wa magharibi hadi Muhabura upande wa mashariki, ikalikinga bonde toka ukuta hadi ukuta. Wazee husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Huku kwetu moto uliuziba ufa kwa kujenga ukuta, na Kibumba iko juu ya ukuta huo, kati ya Nyiragongo na Mikeno.

Maji yaliyozuiwa yalijikusanya. Ziwa likapanda, likafunika mabonde madogo ya pembeni, na ndiyo maana pwani ya Kivu ina ghuba na visiwa vingi namna ile: ni vilima na mabonde yaliyozama. Leo kina cha ziwa kinafika mita 485. Likaendelea kupanda mpaka likapata mahali pa chini upande wa kusini, panapoitwa Bukavu, likamwagikia huko. Wataalamu hukadiria kwamba jambo hilo lilitokea kiasi cha miaka elfu kumi iliyopita. Kwa hesabu za miamba, hiyo ni kama juzi.

Hivyo ndivyo ulivyozaliwa mto Ruzizi. Ziwa Kivu liko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na Tanganyika iko chini yake kwa karibu mita 700. Maji yenye mteremko wa namna hiyo hayatembei, hukimbia. Na katika mwanzo wa safari yake Ruzizi umechimba korongo jembamba lenye kuta za mawe, maporomoko na povu. Kabla ya uhuru wetu, katika miaka ya 1950, bwawa la umeme la kwanza lilijengwa Mururu, na la pili likaanza kazi mwaka 1989. Kwa hiyo umeme wa Ruzizi ni tunda la bonde lililozibwa huku juu. Kama Kibumba ingekuwa na mto, Bukavu isingekuwa na korongo.

Samaki nao wanashuhudia. Samaki wa asili wa Kivu wanafanana na wale wa Ziwa Edward kuliko wale wa Tanganyika, ingawa leo maji ya Kivu yanashukia Tanganyika. Ni kama mtoto aliyehama ukoo lakini sura ikabaki ya kwao. Tanganyika ina samaki wengi mno, lakini hawakuweza kupanda maporomoko ya Ruzizi. Hata sambaza, ambao wengi wetu tunawaona kuwa ndio samaki wa Kivu hasa, walitoka Tanganyika. Hawakuja kwa nguvu zao: waliletwa na watu mwishoni mwa miaka ya 1950. Bibi zetu walikuwa wasichana waliokwisha kuujua utamu wa samaki wengine kabla sambaza hawajafika sokoni.

Kenya wana jambo linalofanana na hili. Kusini mwa Ziwa Naivasha kuna korongo la Ol Njorowa, katika hifadhi iitwayo Hell's Gate. Zamani, ziwa hilo lilipokuwa kubwa zaidi, lilijaa na kumwagikia upande huo, na maji yake yakakata mawe ya volkano. Leo korongo lile ni kavu, na watu hutembea ndani yake kwa miguu. Mwezi wa Aprili 2012 kikundi cha vijana wa kanisa moja kutoka pande za Nairobi kilikwenda kulitembelea, kama ninyi mnavyokwenda matembezi ya parokia. Mvua ilikuwa imenyesha juu, maji yakashuka ghafula kati ya zile kuta, na vijana 7 wakafa. Mwaka 2019 mafuriko ya namna hiyo yaliua tena humo humo. Korongo kavu bado ni njia ya maji, hata kama maji hayajapita tangu asubuhi.

Turudi Kibumba, kwenye mawe yetu. Jiwe la volkano lina matundu na nyufa nyingi. Mvua ikilinyeshea, hunywewa kabla ya kufanya hata kijito. Maji hayapotei; hupita gizani chini ya miguu na kutokea mbali katika chemchemi za mabondeni. Lakini aliye juu hana njia ya kuyafikia, na jiwe hilo hilo linalonywa maji upesi linakataa jembe. Mambo hayo mawili, maji yasiyoshikika na jiwe lisilochimbika, yalionekana kwa ukali wake wote mwaka 1994.

Katikati ya mwezi wa Julai mwaka ule, baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi nchini Rwanda, umati wa watu ulivuka mpaka na kuingia Goma kwa siku chache tu. Makadirio ni kati ya watu 500,000 na 800,000. Ndani yao walikuwamo waliokimbia kwa hofu, na walikuwamo pia waliokuwa wameua. Kambi zikawapokea wote pamoja. Wengi walielekezwa kaskazini, katika kambi za Kibumba, Kahindo na Katale. Kibumba peke yake ilipokea watu kuzidi miji mingi ya Kivu ya wakati ule, mahali pasipo na kijito hata kimoja. Maji yalipaswa kupandishwa kwa malori. Kipindupindu kilipozuka, kikifuatwa na kuhara damu, mgonjwa aliyehitaji maji mengi ili aishi alikuwa amelala juu ya jiwe lililokwisha kunywa mvua yote.

Wala vyoo havikuchimbika. Wala makaburi. Maiti zilifungwa katika mikeka na kulazwa kando ya barabara, ile ile ambayo leo chukudu hushukia, zikingoja malori. Na ilibidi mashine za wanajeshi zipasue mawe ili mashimo ya pamoja yapatikane. Katika mwezi wa kwanza karibu watu 50,000 walikufa katika kambi za Goma. Wenyeji wa Bukumu, ambao walikuwa wamezoea kuigawa mvua kwa vikombe, waliona mashamba yao yakikanyagwa na msitu wa Virunga ukikatwa kuni. Kambi ya Kibumba ilitawanyika kwa vita mwezi wa Oktoba 1996. Tunaona kwamba habari za mwaka ule husimuliwa mara nyingi kama habari za siasa peke yake. Siasa ndiyo iliyowafukuza watu makwao, hilo ni kweli. Lakini waliofia Kibumba kwa kiu na kwa uchafu waliuawa pia na mahali walipowekwa, na kila aliyelijua jiwe hili angeweza kulisema mapema.

Nyufa zenyewe hazijafungwa. Tarehe 10 Januari 1977 ubavu wa Nyiragongo ulipasuka, na ziwa la moto lililokuwa kileleni likamwagika lote kwa muda usiofika saa moja. Lava ile ilikuwa nyepesi kama maji, nayo iliwafikia watu wa vijiji vya chini kabla hawajapata nafasi ya kukimbia. Tarehe 17 Januari 2002, siku ya Alhamisi, ufa ulifunguka tena ukishuka mlima kuelekea kusini hadi karibu na uwanja wa ndege wa Goma. Moto ulipita katikati ya mji hadi ziwani, ukaliharibu kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, na watu wapatao 120,000 wakabaki bila makao. Wengi wao walirudi baada ya siku chache, wakajenga juu ya mawe yaliyokuwa bado ya moto.

Kisha ikaja Jumamosi ya tarehe 22 Mei 2021, mkesha wa Pentekoste. Safari hii mlima haukutoa ishara iliyotambulika ila muda mfupi mno kabla ya kupasuka. Lava iliikata barabara ya Rutshuru na kusimama Buhene, kwenye mlango wa mji. Kilichofuata ndicho tunachokikumbuka zaidi: siku nyingi za matetemeko, nyufa barabarani na katika kuta za nyumba, na alfajiri ile ya tarehe 27 walipotangaziwa watu wa mitaa 10 waondoke. Wataalamu walieleza baadaye kwamba mwamba ulioyeyuka ulikuwa umejipenyeza katika ufa chini ya mji wenyewe, ukaendelea hadi chini ya ziwa, bila kutokea juu. Yaani Goma ilikaa siku zile juu ya korongo la moto lililokuwa likifunguka, na hakuna aliyeliona.

Nyufa hizo huachilia pia hewa nzito isiyo na rangi, ambayo watu wa hapa huiita mazuku. Hukaa mashimoni na mabondeni madogo, hasa asubuhi kabla ya upepo. Mbuzi huingia kutafuta majani asitoke, na mtoto anayemfuata yumo hatarini vivyo hivyo. Katika nchi zetu mtoto hufundishwa mapema asishuke shimoni bila kuuliza wakubwa, na tungependa vikundi vya vijana vinavyopokea wageni kutoka mbali viwaambie jambo hilo siku ya kwanza, kabla ya kuwaonyesha mandhari.

Wengine hushangaa kwa nini watu hawahami. Sisi hatushangai. Udongo unaotoa kabichi zile ni majivu ya milima ile ile, na hakuna udongo mwingine unaowangoja watu hawa mahali pengine. Wakulima wa Kibumba wameilinganisha hasara na faida kwa muda mrefu kuliko wanaowashauri. Wanachokosa ni matangi makubwa, mabomba, na habari za mlima zinazowafikia kwa wakati.

Mgongo ule uliojengwa na moto bado unagawa maji. Mvua inayoangukia mteremko wa kusini hupenya chini, huelekea Ziwa Kivu, hupita korongo la Ruzizi na Tanganyika, na mwisho hufika Bahari ya Atlantiki kwa mto Kongo. Ile inayoangukia mteremko wa kaskazini huifuata njia ya zamani, kwa mto Rutshuru na Ziwa Edward, hadi Misri. Na ile inayoangukia bati la mama wa Kibumba huingia katika pipa lake, naye huipima asubuhi kwa kikombe, hii ya kupikia, hii ya mtoto, na inayobaki ya miche ya vitunguu.