Pete ya majina: chanjo ya Ebola ilivyofika kwetu

Vijana wenzetu wa Nakivale, Kyangwali, Kyaka na kwingine, na nyinyi wa mashirika ambao huwa mnatusoma: safari hii tunaandika juu ya orodha. Mkimbizi anaijua orodha. Kuna ya chakula, kuna ya usajili, kuna ya watoto wa shule. Na sisi tuliotoka Beni, Ituri au Rutshuru tunaijua pia ile nyingine, ambayo ukisikia jina lako limo, usiku huo hulali nyumbani. Ndiyo maana tumeamua kuieleza historia ya chanjo ya Ebola kupitia hapo. Ni chanjo iliyohitaji majina kabla haijahitaji sindano.

Tuanzie Yambuku, kaskazini mwa Zaire, mwaka 1976. Kulikuwa na hospitali ya misheni ya masista wa Kibelgiji. Kila asubuhi wauguzi walipewa sindano tano tu za kutumia siku nzima, na sindano hizo zilitoka kwa mgonjwa huyu zikaingia kwa yule bila kuchemshwa inavyotakiwa. Ugonjwa ukatokea hospitalini kwenda vijijini. Kati ya wafanyakazi 17 wa hospitali, 11 walikufa, ikabidi ifungwe. Daktari kijana kutoka Kinshasa, Jean-Jacques Muyembe, alitumwa kwenda kuangalia kuna nini. Alitoa damu za wagonjwa kwa mikono mitupu, maana glovu hazikuwepo, kisha akanawa kwa maji na sabuni. Damu ya sista mmoja ilipelekwa mpaka Antwerp, Ubelgiji, na huko kirusi kikaonekana. Walikipa jina la mto Ebola ili kijiji cha Yambuku kisibebe jina la ugonjwa milele.

Waliugua watu 318, wakafa 280. Chanjo hakuna, dawa hakuna. Sasa iliishaje? Hospitali ilifungwa, na zile sindano zikakoma. Wagonjwa walitengwa. Eneo la Bumba liliwekwa karantini. Na wazee wa vijiji waliweka vizuizi vyao wenyewe barabarani, kwa sababu walikumbuka enzi za ndui na walijua mgeni haingii kijijini wakati wa ugonjwa. Hapo tunapenda kusimama kidogo, kwa sababu mara nyingi tunaambiwa kwamba "jamii haielewi". Jamii ya Yambuku ilielewa bila semina.

Tukija kwenye zile kanuni zenyewe, kila moja ina sababu yake, na mtu akielezwa sababu huwa habishani sana. Ebola haisambai kwa hewa kama mafua. Inapita kwenye damu, matapishi, kuhara, jasho, na mgonjwa anaambukiza pale anapoanza kuumwa. Siku 21 zinatokana na muda ambao kirusi kinaweza kujificha mwilini: kuanzia siku 2 mpaka 21. Ukifika siku ya 22 bila homa, uko salama. Maiti ndiyo yenye hatari kubwa kuliko zote, kwa sababu mtu anapokufa kirusi kimejaa mwili mzima mpaka kwenye ngozi. Kwa hiyo kanuni iliyotuuma kuliko zote, ya kutoosha marehemu wetu na kutomkumbatia, haikuwa dharau. Lakini ilifikishwa kama dharau mara nyingi, na hilo tutalisema.

Chanjo yenyewe ilitengenezwa Winnipeg, Canada, kwenye maabara ya serikali. Wanasayansi walichukua kirusi cha mifugo, kinachowapa ng'ombe na farasi vidonda vya mdomo, wakakivua ganda lake la nje na kukivika ganda la Ebola. Mwili ukiliona ganda hilo unajifunza kupigana, lakini Ebola yenyewe haimo ndani, kwa hiyo haiwezi kukupa Ebola. Mwaka 2005 walitangaza kwamba nyani waliochanjwa walikingwa. Halafu? Halafu ikakaa kwenye friji. Miaka tisa. Ugonjwa wa wanakijiji wa msituni hauna mnunuzi, na kampuni hazitengenezi kitu kisicho na mnunuzi. Tunaliandika hilo bila kupunguza ukali wake. Ikabidi Guinea, Liberia na Sierra Leone ziungue, kuanzia 2014 mpaka 2016, wafe watu zaidi ya 11,000, ndipo ile friji ifunguliwe.

Guinea, mwaka 2015, ndipo pete ilipotumika. Wazo la pete lilikuwa la zamani. Mwishoni mwa 1966, kule Nigeria, daktari Mmarekani William Foege alikuwa na chanjo ya ndui kidogo mno kwa watu wengi mno. Badala ya kuchanja kila mtu, walitafuta wagonjwa walipo na kuchanja waliowazunguka. Moto ukikosa majani pembeni unazima. Njia hiyo ndiyo iliyotumika mpaka mgonjwa wa mwisho wa ndui wa kawaida, Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali huko Merca, Somalia, Oktoba 1977. Alifanya kazi hospitalini na hakuwa amechanjwa, kwani aliogopa sindano! Alipopatikana, watu zaidi ya 50,000 wa eneo lake walichanjwa. Yeye alipona, na uzeeni alizunguka kuwahimiza Wasomali wenzake wachanje watoto polio. (Rafiki zetu wa Dadaab, huyo ni wenu, jivunieni.)

Guinea walifanya vilevile: mgonjwa mmoja akipatikana, wanaandikwa wote aliokutana nao, kisha wote ambao hao nao walikutana nao. Hao ndio pete. Waliochanjwa mara moja, kuanzia siku ya kumi baada ya sindano hakuna hata mmoja wao aliyeugua Ebola.

Sasa ije kwetu. Tarehe 1 Agosti 2018 Ebola ilitangazwa Mangina, karibu na Beni, na baada ya wiki moja tu chanjo ilikuwa imeanza kutolewa. Kusafirisha chanjo inayotaka baridi ya nyuzi 60 na zaidi chini ya sifuri, kwenye mji wenye umeme wa kubahatisha, si mchezo. Kwa upande wa friji kila kitu kilienda vizuri. Kilichokwama ni majina.

Fikiria. Mauaji ya Beni yalianza Oktoba 2014. Watu walichinjwa miaka minne na msafara wa maana hawakuuona. Homa ikaingia, magari meupe yakajaa barabarani, mengine yakisindikizwa na askari. Mtu anashuka na kalamu na kusema: tutajie wote waliolala na mgonjwa nyumba moja. Wewe ungetaja? Watu walianza kuiita "biashara ya Ebola". Kisha Desemba 2018 tume ya uchaguzi ikasema Beni na Butembo hawatapiga kura ya rais pamoja na nchi nzima, kwa sababu ya Ebola na usalama. Makanisa wazi, soko wazi, kura imefungwa. Tarehe 30 Desemba vijana wa Beni walipanga uchaguzi wao wa kuigiza, na watu walinawa mikono kwenye foleni kabla ya kupiga kura. Kanuni walikuwa wanaijua na wanaifuata. Walichokataa ni kuona kanuni hiyo ikitumika dhidi yao.

Kulikuwa na jambo lingine la kuchanganya. Wapo waliochanjwa wakaugua. Sababu ni kwamba walishaambukizwa kabla, na chanjo inahitaji kama siku kumi kukomaa. Kama hujaelezwa hivyo mapema, utasema sindano ndiyo iliyoleta ugonjwa, na hatukulaumu. Wajawazito nao walikatazwa chanjo mwanzoni, wakaruhusiwa 2019 tu. Februari 2019 vituo vya Katwa na Butembo vilichomwa. Aprili, daktari Richard Mouzoko kutoka Kameruni aliuawa akiwa kazini Butembo. Hatuwezi kumwita adui yetu mtu aliyekuja kututibu. Pia hatutanyamaza kwamba mwaka 2021 tume huru ilithibitisha kuwa baadhi ya wanaume wa ile operesheni waliwadai wasichana na akina mama miili yao ili wawape kazi. Mashirika, hilo nalo lilikula majina ya pete. Mama aliyefanyiwa hivyo hatamtajia mwenzako nani analala kwake.

Kilichobadilisha hali kilikuwa vitu vidogo. Vyumba vya plastiki inayoonyesha, ambapo familia inamwona mgonjwa wao badala ya kuambiwa tu kwamba amekufa. Waliopona, ambao tayari wana kinga, waliwabeba watoto wa wagonjwa. Wachanjaji wakawa wenyeji wanaojua kusalimia. Ikapatikana pia dawa, iliyotokana na kingamwili za mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya 1995, kazi ambayo Profesa Muyembe, yule yule wa mikono mitupu, aliishikilia miaka mingi. Mlipuko ulitangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020. Waliochanjwa walikuwa zaidi ya 300,000. Waliokufa 2,287.

Uganda iliponaje? Juni 2019 mtoto wa miaka mitano alivuka na familia yake kutoka Kongo akalazwa Bwera, wilaya ya Kasese, akafariki. Mlolongo huo wa maambukizi uliishia kwenye familia hiyo. Wahudumu wa afya wa Uganda, karibu 4,700, walikuwa wameshachanjwa kabla mgonjwa hajafika. Wale wanaotuona wakimbizi kama mzigo wa magonjwa waisome hiyo mara mbili: mpaka haukufungwa, na ugonjwa haukuenea.

Msidhani chanjo hiyo inamaliza kila kitu. Inakinga Ebola ya aina ya Zaire tu. Septemba 2022 ilipotokea aina ya Sudan huko Mubende, sindano haikuwepo, wilaya za Mubende na Kassanda zikafungwa, na ugonjwa ukaisha Januari 2023 kwa kanuni zile zile za Yambuku: kutenga, kufuatilia siku 21, kuzika kwa uangalifu. Aina hiyo iliporudi Kampala, Januari 2025, chanjo ya majaribio ilianza kutolewa siku nne tu baada ya ugonjwa kuthibitishwa. Kutoka miaka tisa kwenye friji mpaka siku nne. Na timu zilipofika mlangoni, swali la kwanza lilikuwa bado lile lile: umekula na nani, umelala wapi, nani alikuuguza?