Mbarika wa Jalalani

Ukitoka Diani kwenda Msambweni, angalia majalala ya kando ya barabara: majani mapana kama kiganja, matunda yenye miiba. Ni mbarika huo. Kwetu unajulikana kwa mafuta ya kufungua choo, na kwa onyo la watoto wasitafune mbegu, zina sumu.

Chuoni, kabla sijaacha, tulifundishwa maikrobodi, vile vifuko vidogo vya ndani ya seli. Rhodin, msomi wa Sweden, ndiye aliyevipa jina hilo mwaka 1954 baada ya kuviona kwenye figo za panya. Vina utando mmoja tu na havina DNA. Protini zao hutengenezwa nje, kisha zinaingizwa. Kifuko kinakua, kinagawanyika.

Mwaka 1967, Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, Breidenbach na Beevers walichukua mbegu zinazoota, wakaziponda, wakazungusha rojo lile kwa mashine hadi sehemu za seli zikajitenga. Humo wakapata maikrobodi ya aina yake, wakaiita glaioksisomu.

Hebu fikiria: mbegu imefukiwa, haijaona jua, na karibu nusu ya uzito wake ni mafuta. Mche unataka sukari. Glaioksisomu ndiyo inayoanza kuyageuza mafuta yale, kazi ambayo mwili wako na vitambi vyote vya mjini haviiwezi. Kuvu wanaiweza.

Mbegu zile zilikuwa za mbarika. Wataalamu wengi wa mimea wanasema asili yake ni Afrika Mashariki. Kwenye noti zangu imeandikwa tu "mbegu yenye mafuta".