Mafunzo kazini

Mafunzo kazini ni elimu na mazoezi ambayo mwajiri huwapatia wafanyakazi wake ili waongeze ujuzi. Hutolewa mahali pa kazi, kwa mfano kwa kumweka mgeni chini ya fundi mzoefu, au nje yake kupitia kozi fupi, semina na masomo ya chuo.

Faida na gharama

Mfanyakazi aliyefundishwa hukosea mara chache, hupata ajali chache na hutunza vizuri mitambo. Gharama ni ada, vifaa, na pia saa ambazo mwanafunzi na mwalimu wake hawazalishi.

Hofu kubwa ya waajiri ni kwamba mfanyakazi akishahitimu atahamia kampuni nyingine inayolipa zaidi, ambayo haikugharamia chochote. Baadhi yao humtaka asaini mkataba wa kubaki kazini kwa muda fulani baada ya masomo.

Nadharia

Mwanauchumi Mmarekani Gary Becker, katika kitabu chake cha mwaka 1964, alitofautisha ujuzi wa jumla na ujuzi maalumu. Ujuzi wa jumla, kama udereva au uhasibu, unafaa popote. Hivyo, kwa maoni yake, mfanyakazi ndiye anayeugharamia, mara nyingi kwa kukubali mshahara mdogo wakati wa kujifunza. Ujuzi maalumu unafaa katika kampuni moja tu, na kampuni hiyo ina sababu ya kuchangia gharama.

Katika miaka ya 1990 Daron Acemoglu na Jörn-Steffen Pischke walionyesha kwamba kampuni za Ujerumani ziligharamia hata ujuzi wa jumla wa wanagenzi. Kwa maelezo yao, kuhama kazi si rahisi, na mwajiri wa kwanza anamfahamu mfanyakazi wake kuliko wengine.

Tozo za mafunzo

Nchi kadhaa hugawa mzigo huo kwa waajiri wengi kwa njia ya tozo. Nchini Kenya mwajiri hulipa shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi, na anaweza kurudishiwa sehemu ya gharama za mafunzo yaliyoidhinishwa. Nchini Tanzania tozo ya kuendeleza ujuzi ni asilimia ya mishahara yote. Tangu mwaka 2021 inawahusu waajiri wenye wafanyakazi 10 au zaidi. Sehemu yake huenda VETA, mamlaka ya ufundi stadi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994. Kwa utaratibu huo, hata kampuni isiyofundisha mtu huchangia gharama za ujuzi.