Dau Hewa: Mnunuzi Asiyeonekana Anavyopandisha Bei

Umesimama kwenye ploti ya hamsini kwa mia, nje kidogo ya mji wa Rongo, kaunti ya Migori. Bikoni mbili za mpaka umeziona, ya tatu, unaambiwa, "iko hapo kwa majani." Simu ya broka inalia. Anasogea hatua tatu, anaongea kwa sauti ya kutosha wewe kusikia, kisha anarudi akitikisa kichwa.

"Mwalimu, huyo ni mtu wa Nairobi. Wewe umesema laki sita, yeye amefika saba. Toa kitu kidogo leo nikushikie. Kesho usinilaumu."

Mtu huyo wa Nairobi humjui jina wala sura, lakini tayari amekuongezea shilingi 100,000. Hila hii inajulikana kutoka Isebania hadi Mbita, ila Kiswahili cha kila siku hakijaipa jina moja la kuikamata. Ninapendekeza tuiite dau hewa: bei inayotajwa kwa niaba ya mnunuzi asiyekuwapo, au asiye na nia ya kununua, ili mnunuzi wa kweli aongeze pesa au aharakishe kulipa.

Tuanze na dau. Ni kiasi ambacho mtu yuko tayari kukiweka mezani. Magazeti ya michezo hulitumia kila msimu wa usajili, na wacheza kamari nao wanalijua. Kuna neno zabuni, ambalo asili yake ni ya sokoni na mnadani vilevile, lakini siku hizi limechukuliwa na serikali na kampuni: ukilisikia unawaza fomu, bahasha iliyofungwa na tarehe ya mwisho. Bei ya kutamkwa kwa mdomo penye nyasi, bila karatasi, ni dau.

Hewa ndilo neno lenye uzito zaidi. Mwaka 2016 serikali ya Rais John Magufuli ilipowasaka watumishi hewa nchini Tanzania, kila msikilizaji alielewa: majina yaliyokuwa kwenye orodha ya mishahara bila watu wa kuyabeba. Mtumishi hayupo, ila malipo yake yanatoka. Ndivyo lilivyo dau hewa. Mnunuzi hayupo, ila gharama yake inalipwa na wewe.

Wengine watasema dau bandia. Lakini kitu bandia kipo: noti bandia unaweza kuikunja na kuitia mfukoni. Wengine watapenda dau kivuli. Kivuli nacho kina mwenyewe; waziri kivuli ni mbunge anayeonekana bungeni. Fikihi ya Kiislamu ina istilahi ya zamani zaidi, najshi, yaani kupandisha bei ya bidhaa bila nia ya kuinunua, jambo lililokatazwa katika hadithi za Mtume. Masheikh wa Lamu au Kendu Bay wataitambua mara moja, lakini mkulima wa Ndhiwa atahitaji kuelezwa. Dau hewa halihitaji mkalimani.

Kwa nini hila hii inashika sana Migori na Homa Bay? Kwanza, wengi hapa hawanunui nyumba iliyokwisha kujengwa. Katika mila ya Wajaluo, boma la mtu, dala, huanzishwa kwa taratibu zake. Halichukuliwi rafuni kama sukari. Kinachonunuliwa ni kipande cha ardhi. Muuzaji naye mara nyingi ni familia nzima, na hati huenda bado ina jina la babu aliyekwisha kufariki. Kati ya familia hiyo na mnunuzi anasimama broka, na habari zote za bei zinapita kinywani mwake. Mnadani walau washindani husimama uwanja mmoja, na dalali mwenye leseni anabanwa na Sheria ya Madalali ya mwaka 1996. Kwenye ploti, mshindani wako ni mlio wa simu.

Lakini sheria za Kenya zinamsaidia mnunuzi kwa njia ambayo wengi hawaifikirii: ni za polepole. Ardhi ya kilimo iliyo nje ya mipaka ya manispaa na miji inahitaji idhini ya bodi ya udhibiti wa ardhi, kwa sheria ya mwaka 1967. Maombi hupelekwa ndani ya miezi 6 tangu makubaliano, na sheria hiyo inasema mauzo yasiyo na idhini ni batili. Mkataba wa kuuza ardhi sharti uandikwe, utiwe sahihi na ushuhudiwe. Kama ni mali ya ndoa, Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inataka mume na mke wote wakubali. Kama mwenye hati amefariki, ardhi haiuzwi kabla mahakama haijathibitisha hati ya usimamizi wa mirathi.

Sasa mrudie yule mtu wa Nairobi. Hata akija na gunia la pesa, ploti haitakuwa yake kesho asubuhi. La haraka analoweza kufanya ni kutia sahihi mkataba, na mkataba ni karatasi inayoweza kuonyeshwa. Si kila mshindani ni hewa. Wapo wanunuzi wa kweli wanaokupita bei kwa haki. Tofauti yao ni kwamba wa kweli huacha alama: barua ya ahadi, wakili, siku ya kikao na familia. Uliza alama hizo. Ukijibiwa kwa "haraka" tu, hilo ni hewa.

Kuna neno jingine la kukumbuka kabla ya kutoa "kitu kidogo." Kiswahili huziita pesa za kutanguliza arubuni. Kitenzi chenye ukoo mmoja nalo ni kurubuni: kumshawishi mtu kwa hila. Arubuni halali hulipwa kwa muuzaji au wakili wake, kwa mkataba wenye sahihi, baada ya upekuzi wa hati katika masjala ya ardhi. Iliyotumwa kwa simu ya broka penye nyasi, bila risiti, ni ya kurubuniwa.

Kwa hiyo ndugu msomaji, kabla hujaongeza hata shilingi moja, tafuta ile bikoni ya tatu. Wasalimu majirani. Kutana na mwenye hati, na mwenzake wa ndoa, uso kwa uso. Na broka akikwambia kuna mtu amefika bei, mjibu kwa upole: "Basi muuzie." Dau likiwa la kweli, umepoteza ploti moja, na ploti zingine zipo. Likiwa hewa, simu yako italia kabla hujafika stejini.