Wale Ambao Bahari Haijawarudisha

Sisi tunaokaa Temeke na Kigamboni tumezoea kuvuka maji. Asubuhi tunasongamana kwenye kivuko cha Magogoni, huyu na mkoba wa kazini, yule na ndoo ya samaki, na kabla hatujamaliza kusalimiana tumeshafika ng'ambo. Ndugu zetu wa Kinondoni wanaiona bahari ile ile kutoka Msasani na Kunduchi. Kwa wengi wetu bahari ni njia, ni kitoweo, ni upepo wa jioni. Ni mara chache tunakumbuka kwamba maji haya yaliwahi kugombewa na mataifa makubwa, na kwamba vijana wa Afrika Mashariki walizama humo wala hawakuzikwa.

Habari hiyo ndiyo tunayotaka kuisimulia hapa. Hatuisimulii kwa ajili ya kusifu vita. Tunaisimulia kwa sababu tunaamini kuwa Mungu huhesabu watu kwa namna isiyofanana na ile ya wenye manowari, na kanisa linapaswa kujifunza kuhesabu kama yeye.

Tuanze na mwaka 1940. Mwaka huo Ufaransa ilishindwa na Ujerumani, ikabaki na serikali yenye makao yake Vichy, iliyoyakubali masharti ya Wajerumani. Kisiwa cha Madagaska, ambacho wazee wa pwani walikiita Bukini, kikawa chini ya serikali hiyo. Upande huu wa maji, Tanganyika, Kenya na Zanzibar zilikuwa mikononi mwa Uingereza. Basi watawala wa pande mbili za bahari moja wakawa majirani wasioaminiana.

Bahari hiyo ilikuwa na thamani kubwa. Njia ya Mediteranea ilikuwa imejaa hatari, kwa hiyo silaha, mafuta na askari waliokwenda Misri walizungushwa kusini mwa Afrika, kisha wakapanda kaskazini kupitia Mlango-Bahari wa Msumbiji, kati ya Madagaska na bara. Aliyeweza kuifunga njia hiyo angeliumiza jeshi zima.

Mwezi Desemba 1941 Japani nayo ikaingia katika vita hivyo. Siku ya Pasaka, tarehe 5 Aprili 1942, wakati Wakristo duniani wanasherehekea ufufuko, ndege za Kijapani zilishambulia Colombo, katika kisiwa cha Ceylon kinachoitwa leo Sri Lanka. Waingereza wakaona si salama tena kuweka manowari zao huko, wakazirudisha nyuma mpaka Kilindini, Mombasa. Shule ya Allidina Visram ya Mombasa ikageuzwa kuwa kituo cha kunasa na kufumbua maneno ya siri ya Wajapani.

Hofu yao kubwa ilikuwa nyambizi. Nyambizi za wakati ule hazikukaa chini ya maji muda wote. Zilisafiri juu kwa injini ya dizeli huku zikijaza betri, kisha zikazama na kwenda polepole kwa nguvu ya betri hizo. Zilihitaji bandari ya kupata mafuta, chakula na matengenezo. Serikali ya Vichy ilikuwa tayari imewaruhusu Wajapani kutumia vituo vyake huko Indochina. Je, ikiwaruhusu pia Madagaska? Uingereza haikungoja jibu. Tarehe 5 Mei 1942 majeshi yake yaliishambulia bandari ya Diego Suarez, kaskazini mwa kisiwa, mji ambao leo unaitwa Antsiranana. Baada ya siku chache bandari ilikuwa mikononi mwao, na nyambizi 3 za Kifaransa, Bévéziers, Le Héros na Monge, zilikuwa zimezamishwa.

Hata hivyo hofu haikuisha. Usiku wa tarehe 30 Mei, nyambizi mbili ndogo za Kijapani, kila moja na watu 2 tu ndani yake, ziliachiwa na nyambizi kubwa nje ya bandari hiyo. Manowari kubwa ya Kiingereza, Ramillies, ikajeruhiwa, na meli ya mafuta British Loyalty ikazama. Katika miezi ya Juni na Julai nyambizi za Japani zikazamisha meli zaidi ya 20 katika Mlango-Bahari wa Msumbiji na maji ya jirani. Mwezi huo wa Juni ikapelekwa Madagaska Brigedi ya 22 ya Afrika Mashariki, yenye askari wa Keya, na miongoni mwao kikosi cha Tanganyika. Walipigana na kutembea mwendo mrefu katika nchi ya watu ambao hawakuwa na ugomvi nao, mpaka mapatano yalipofanyika mapema Novemba 1942. Watu wa Bukini hawakuulizwa. Watu wa Tanganyika hawakuulizwa.

Sasa tufike siku ambayo ndiyo sababu ya insha hii. Mapema Februari 1944 msafara wa meli 5 za kubeba askari uliondoka Mombasa kwenda Ceylon, ili watu wapelekwe vitani Burma. Moja ya meli hizo iliitwa Khedive Ismail. Ilikuwa na watu 1,511. Kundi kubwa zaidi lilikuwa Kikosi cha 301 cha Mizinga cha Afrika Mashariki. Walikuwamo pia wanamaji wa Kiingereza, askari wa Afrika Kusini, wauguzi na wanawake wengine wa jeshi.

Tarehe 12 Februari ilikuwa Jumamosi. Alasiri hiyo, karibu na visiwa vya Maldivi, watu wengi walikuwa ndani ya meli wakisikiliza burudani ya muziki. Nyambizi ya Kijapani I-27 ikarusha topido, yaani mabomu yanayosafiri ndani ya maji, na mawili yakaipiga Khedive Ismail. Meli ilizama kwa muda wa dakika 2 hivi. Sisi tunaovuka kwa kivuko tujaribu kupima muda huo. Ni muda mfupi kuliko wa kushuka ngazi moja yenye msongamano.

Waliobahatika kutoka wakabaki majini, wakishikilia mbao na maboya. Kiswahili kilikuwa lugha ya kawaida katika vikosi vya Kenya, Uganda na Tanganyika, na hatuna shaka kwamba wapo walioomba siku ile kwa lugha hii hii tunayoombea sisi Jumapili.

Hapo likatokea jambo zito kuliko yote. Manowari mbili, Petard na Paladin, zilikuwa zikiulinda msafara. Paladin ilianza kuwaokoa watu. Lakini nyambizi ilikuwa imejificha chini, karibu kabisa na hao waliokuwa wakielea. Kama ingeachwa, ingeweza kuzipiga meli 4 zilizobaki, zenye maelfu ya watu. Kama ingeshambuliwa, ingekuwa kwa mabomu yanayolipukia ndani ya maji, na mlipuko wake humuua aliye karibu. Petard ikashambulia. Wapo waliookoka kuzama wakauawa na mabomu ya upande wao. Nyambizi ililazimika kuibuka, ikapigwa kwa muda mrefu, na mwishowe topido ya Petard ikaimaliza, pamoja na wanamaji wake wapatao 100.

Katika watu 1,511 wa Khedive Ismail waliookolewa ni wanaume 208 na wanawake 6. Waliokufa ni 1,297.

Tukisoma habari hii katika vikundi vyetu vya Biblia, wapo watakaosema kamanda yule alifanya sawa, na wapo watakaosema alitenda dhambi. Sisi hatujipi kiti cha hakimu. Hatukuwa pale, na dakika zake hatukupewa. Lakini tunakumbuka wanamaji wengine, wale wa kitabu cha Yona. Waliambiwa na Yona mwenyewe kwamba bahari itatulia wakimtupa. Hesabu ilikuwa rahisi: mmoja afe, wote wapone. Hata hivyo hawakufanya haraka. Kwanza walivuta makasia kwa nguvu zao zote wairudishe merikebu pwani. Waliposhindwa, walimlilia Mungu asiwahesabie damu ya mtu asiye na hatia, na ndipo wakamtupa. Watu hao hawakuwa hata wa dini ya Yona. Lakini walijua kwamba uhai wa mtu mmoja si tarakimu ya kufuta, hata pale ambapo njia nyingine haionekani.

Pengine kamanda wa Petard naye alivuta makasia moyoni mwake kabla ya kutoa amri. Mungu anajua. Tunachoweza kusema ni kwamba hesabu iliyowaua watu wale haikuanzia pale majini. Ilianza miaka mingi nyuma, katika miji mikuu ya mbali, pale watu walipoitazama ramani na kuona njia za meli, bandari na mafuta, wala wasimwone kijana wa kijijini atakayepelekwa kuvilinda.

Tumewahi kuulizwa, "Vita ile ilikuwa ya wakoloni, sisi tunaikumbukia nini?" Ni swali la haki. Vijana wa Afrika Mashariki wengine walijiunga kwa ajili ya mshahara, wengine waliandikishwa kwa amri, na walitumikia chini ya serikali ambayo hawakuichagua. Lakini mama aliyempoteza mwanawe hapoi kwa kuambiwa kwamba vita haikuwa yake. Sisi Waswahili wa pwani na bara tunajua uchungu wa msiba usio na mwili. Matanga yanakaliwa, lakini hakuna jeneza wala udongo wa kutupia. Taifa letu lililijua hilo tena mwaka 1996, MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza, na familia nyingi zikalia bila kuwa na kaburi la kuliendea.

Kando ya barabara iendayo Bagamoyo, wilayani Kinondoni, yapo makaburi ya askari wa Jumuiya ya Madola. Wengi wetu tunayapita kwa daladala bila kuuliza. Mwaka 1968 makaburi 660 ya Vita Kuu ya Kwanza yalihamishiwa hapo kutoka Ocean Road, kupisha ujenzi wa barabara. Katika sehemu walizozikwa Waafrika, kila kaburi halikuwa limewekewa alama yake, kwa hiyo masalia yakazikwa upya kwa pamoja. Askari wa Khedive Ismail, kwa upande wao, wanakumbukwa kwenye mnara ulioko katika makaburi ya vita ya Nairobi. Yupo aliyezikwa nchi kavu jina lake likapotea, na yupo aliyepotea baharini jina lake likabaki. Mbele za Mungu hakuna hata mmoja kati yao aliyepotea. Mtunga zaburi anakiri kwamba hata akienda mwisho wa bahari, mkono wa Bwana utamshika huko. Na Yohana katika Ufunuo aliona siku ambayo bahari itawatoa wafu waliomo ndani yake. Hakuona kwamba itawatoa wa taifa moja na kuwaacha wa lingine. Wale 100 wa nyambizi wamo pia katika hesabu hiyo, na jambo hili ni gumu kulipokea, lakini ndiyo Injili tuliyopewa.

Basi tufanye nini sisi wa sharika za pembezoni mwa jiji? Tunapendekeza mambo mawili madogo. La kwanza, tuwaulize wazee wetu kabla hawajaondoka. Katika jumuiya zetu wapo bibi na babu ambao baba zao au wajomba zao walikwenda Bukini, Burma au kwingineko, wengine wasirudi. Tuyaandike majina hayo katika daftari la usharika, kama tunavyoandika majina ya waliobatizwa. La pili, kila mwaka tunapowaombea mashujaa tarehe 25 Julai, au tunapofanya ibada ya kuwakumbuka marehemu, tuwe na dakika 2 za kunyamaza kwa ajili ya wasio na kaburi. Ni takribani muda ule ule meli ile ilioutumia kuzama.

Na Jumatatu asubuhi, kivuko kikianza kuondoka Magogoni na watu wakisukumana kutafuta nafasi, tumtazame aliye karibu nasi, tumpishe. Yeye naye Mungu amemhesabu.