Mhamo, si Usafirishaji

Orodha mpya ya istilahi za fizikia, kazi ya jopo ambalo sitalitaja, inatutaka tuliite tawi zima la utafiti wa kisasa "usafirishaji usio na usawa katika mifumo ya kwanta ya miili mingi yenye mwelekeo mmoja". Mwanafunzi akikutana na maneno hayo ataona mizigo, dhuluma na barabara isiyoruhusu kurudi. Katika dhana yenyewe hakuna hata kimoja kati ya hivyo.

Makosa madogo nitayapitia upesi. "Usawa" ni neno la haki na la kimo; kwa nishati iliyokwisha kutulia tunalo "msawazo", basi tuseme "nje ya msawazo". "Miili" tuwaachie madaktari. Hapa zinazungumzwa chembe. Na "mwelekeo mmoja" ni kosa la fizikia, si la lugha tu: atomu zilizopangwa katika mstari huenda mbele na kurudi nyuma, kinachoshindikana ni kupishana pembeni. "Safu moja" inatosha.

Kinachoniuma ni "usafirishaji". "Safiri" tulilipokea kutoka Kiarabu likiwa na msafiri ndani yake, mtu mwenye nia, anayetoka akijua aendako na anayetarajiwa kurudi. Tukalitia -ish-, likawa "safirisha", na hapo akaongezeka mtu wa pili, mwenye chombo, anayekifanya kitu kisafiri. Kiambishi hicho hakiwekwi bure. Ukisema "usafirishaji" umekwisha kumwita msafirishaji, na msikilizaji ana haki ya kuuliza ni nani. Sasa chukua mnyororo wa atomu zenye spini, nusu yake ya kushoto ina joto, ya kulia ina baridi. Ziunganishe, kisha ondoa mkono. Nishati huanza kuvuka penye kiungo bila yeyote kuisukuma. Tatizo hili hasa ndilo lililotatuliwa mwaka 2016 na makundi mawili ya wananadharia, kila moja kivyake, kwa mifumo ile ambayo migongano haiisahaulishi hali yake ya mwanzo. Hakuna mahali katika milinganyo yao pa kumweka mwenye chombo.

Wapo wanaotaka "ueneaji", na mmoja wao ameandika kwamba anayelikataa hajui Kiswahili. Namjibu kwa Kiswahili hichohicho. Habari ikienea, aliyeitoa bado anayo. Ugonjwa ukienea, wagonjwa huongezeka. Nishati haiendi hivyo: kinachoonekana kulia kimepungua kushoto kwa kiasi kilekile, na jumla haibadiliki. Dhana nzima imesimama juu ya kiasi kinachohifadhiwa, kiwe nishati, idadi ya chembe au usumaku. Neno linaloruhusu kitu kuongezeka kikiwa njiani halifai, hata likipendeza sikioni.

Ndipo lilipo "hama". Ni neno la nyumbani. Wagikuyu husema "thaama", Wakamba "thama", kwa maana ya kuondoka na makazi. Anayehama huacha nyumba tupu, na kijiji anachohamia huzidi kwa mtu mmoja, si zaidi. Sheria ya uhifadhi imo ndani ya kitenzi chenyewe. Halina msukumaji, akihitajika yupo katika "hamisha", na kikomo cha njia kipo katika "hamia". Kwa njia ileile iliyotupa "mwendo" na "mzunguko", tunapata "mhamo". Jopo lilijibu pendekezo langu kwa sentensi moja: neno halijazoeleka. Nami nauliza, "mnururisho" lilikuwa limezoeleka kwa nani kabla halijatungwa?

Jaribio la Kinoshita, Wenger na Weiss, lililochapishwa mwaka 2006, lingetosha kumaliza ubishi. Katika maabara yao huko Pennsylvania walizibana atomu za rubidi ndani ya mirija iliyofanywa kwa mwanga wa leza, kila mrija ukiwa na atomu kati ya 40 na 250, wakazitenga makundi mawili na kuyaacha yagongane. Baada ya maelfu ya migongano, dalili ya kufika kwenye msawazo haikuonekana. Chembe mbili zenye tungamo moja zikigongana katika safu, kasi ya hii huwa ya ile, nzima, bila kuchanganyika na nyingine. Kasi imehama. Msafirishaji yuko wapi hapo?

Tena "mhamo" hupokea aina zake bila kuteseka. Katika mhamo mnyoofu, umbali ukiwa maradufu muda nao ni maradufu. Katika mhamo wa mtawanyiko muda ni mara 4. Katikati yake upo ule wa spini kwenye mnyororo wa Heisenberg, ambapo muda ni karibu mara 2.8, mwaka 2021 dalili zake zilionekana kwa miale ya nyutroni ndani ya fuwele ya KCuF₃. Huo nauita mhamo wa kati. "Usafirishaji wa mtawanyiko", kama orodha inavyotaka, ni maneno yanayopigana: mzigo uliotawanyika njiani haukusafirishwa.

Kwa matumizi: mhamo, wingi mihamo, mgawo wa mhamo, kihamaji, kwa chembe inayobeba chaji, na jina la tawi, mhamo nje ya msawazo katika safu za kwanta zenye chembe nyingi.